Gari la mbio la darasa letu

Mwezi huu tulitaka kuandika juu ya mahudhurio, lakini naona gari limetutangulia huko nyumbani. Wazazi wawili watatu wamekuja kutuuliza kama ni kweli darasa la nne wanachezea gari badala ya kusoma hesabu. Basi tueleze.

Ndani ya katoni ya vitabu vya msaada tulikuta boksi bapa, limechakaa pembeni, lina picha ya gari Datsun 240Z. Ni gari la kuunganisha. Vipande vyake vya plastiki vimeshikana kwenye vijiti kama ndizi kwenye mkungu. Unakata kimoja kimoja, unalainisha kwa msasa, unabandika kwa gundi ukifuata karatasi. Huko Ulaya, Marekani na Japan wako watu wazima wanaotafuta maboksi ya zamani kama haya, na mtu anaweza kukaa miezi juu ya gari moja, anapaka rangi mpaka kitasa cha mlango. La kwetu lilikuwa limeshaguswa na mtu. Gundi imekauka ndani ya tyubu, namba za kubandika zimegeuka njano, na tairi moja haipo.

Kwenye boksi wameandika 1/24. Maana yake sentimita moja ya kigari ni sentimita 24 za gari lenyewe. Datsun ya kweli ina mita 4 na kidogo, ya kwetu ina sentimita 17. Wazazi, tumefundisha sehemu muhula mzima kwa kugawa machungwa ambayo hatuna, na watoto wakatutazama tu. Kwa kigari hiki, siku mbili wakaanza kupimana wenyewe kwa wenyewe. "Mwalimu, mimi ni sentimita sita!" Mwenye mita 1 na sentimita 44 ni sita kweli. Godoro la sentimita 180 ni saba na nusu. Hiyo ndiyo hesabu tunayofanya, msitie wasiwasi.

Kazi ya mikono haikuwapa shida. Si mnajua watoto wetu? Siku isiyo ya masomo wako kando ya barabara ya Oraba wanatazama malori yanayokwenda mpakani, halafu wanarudi wanatengeneza ya kwao kwa waya, kopo la mafuta ya mgao, vizibo vya soda na ndala zilizokatika. Yuko mmoja anatofautisha Fuso na Scania kwa mlio tu, amefumba macho. Tairi lililokosekana walilichonga kwa ndala. Rangi nyeusi wakaitoa kwenye mkaa wa betri ya tochi iliyokufa. (Hilo hatukuwafundisha sisi, na tumelikataza. Tunaomba na nyinyi mlikataze.)

Tuliwaambia hili ni gari la mbio. Tukawaachia kazi Ijumaa, tukaenda zetu.

Jumatatu tulikuta juu ya gari pana keria ya waya. Juu ya keria pana godoro la sponji limekunjwa na kufungwa kamba, jerikani mbili ndogo za njano, sufuria ya kizibo, na kitu ambacho walituambia ni kuku. Tulikasirika kidogo, tuseme ukweli. Tukawaambia mmeharibu, tazameni picha ya boksi, pana godoro hapo? Toeni.

Msichana mmoja akasimama. "Mwalimu, si mlisema ni gari la kukimbia? Watu wamekimbia bila godoro?"

Tukakosa neno. Mwingine akachungulia ndani akasema lina viti viwili tu, na kwao wako saba, sasa nani anabaki? Wengine wakacheka. Mvulana wa nyuma hakucheka, alianza kuhesabu watu wa kwao kwa vidole, akafika kwa mmoja, akakikunja kile kidole tena. Hatukumuuliza. Godoro likabaki juu ya gari.

Siku hiyo alipita mzee anayetengeneza baiskeli, mwenyeji wa hapa Koboko. Akalishika gari, akacheka sana. Akasema hii Datsun anaijua, alikuwa mtoto enzi zile mbio za Safari zikisikilizwa kwenye redio. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, na miaka ya mwanzo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971, na mwaka 1973 ikashinda tena, dereva akiwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Alimaliza sawa kwa pointi na Harry Källström wa Sweden, ushindi akapewa yeye. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 mpaka 1982.

"Na huyo alikimbia," mzee akasema.

Watoto wakajibu, ndiyo, alikimbia akashinda.

"Hapana, watoto wangu. Alikimbia kama nyinyi."

Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Familia ya Mehta ikaenda Kenya. Hapo mzee alinyamaza kidogo, maana hapa Koboko jina la Amin si jina la mbali. Kisha akasema, Amin alipoanguka mwaka 1979 ikawa zamu yao watu wa West Nile, wengine wakaingia Zaire, wengine Sudan. Yeye mwenyewe alivuka hapa hapa Oraba kwa miguu, akiwa na baiskeli ambayo haikuwa na minyororo. "Niliisukuma tu. Ilibeba godoro."

Watoto walimtazama yule msichana.

Tangu siku hiyo kazi imeongezeka. Ile shida ya viti viwili wameitatua kwa tela la kopo la mafuta, kipimo kile kile cha 1/24, watu watano wanakaa bila kubanana. Sasa ugomvi ni wa matope. Mzee alisema gari la Safari lisilo na matope ni la uongo, basi kila mmoja anataka lipakwe udongo wa njia aliyopita yeye. Waliopita Kaya wanataka mweusi, waliotoka Kongo wanasema wa kwao ni mwekundu, na waliozaliwa hapa nao wanadai haki yao. Tumeamua ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na tela.

Bado tunahitaji gundi. Aliye na supagluu iliyobaki kidogo amkabidhi mwalimu mkononi, asimpe mtoto. Vizibo vya soda tunapokea vikiwa havijapinda. Jerikani tunataka zilizopasuka tu: wiki iliyopita mama mmoja alikuja kutafuta ya kwake ya maji, nzima kabisa, na alikuwa na haki ya kukasirika. Tumeshamrudishia kifuniko.