Kanda za Darsa na Haki ya Herufi

Nyumba nyingi za Waislamu zina kanda za darsa zilizolala sandukuni, na wengi siku hizi wataka kuzihamishia katika simu. Jambo hilo ni jema. Lakini kompyuta humwuliza mwenye kulifanya swali ambalo watu hulijibu pasipo kufikiri: sauti iwe ya ubora gani? Twataka kusema machache juu yake, maana sisi limetufika nyumbani.

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia hapa Itigi kanda 23 za kusomesha Kurani, kila ukanda wa dakika 60. Alizinasa mwenyewe kwa mashine yenye kipaza sauti kimoja, karibu na reli, hata mahali pengine honi ya gari moshi la Tabora hulikatiza somo. Tulizipeleka kwa fundi mmoja wa mji mwingine. Alituletea zote katika kadi ndogo, akajisifu kuwa hazikufika megabaiti 170, na kanda sasa twaweza kuzitupa.

Mjukuu wa marehemu akawa anajifunzia kadi ile. Siku moja mama yetu alimsikia akisoma, akamkatiza: "Babu yako hakusoma hivyo." Mtoto alikuwa akiitamka thee kama fee, wala hana lawama, kwani ndivyo alivyosikia.

Kompyuta huishika sauti kwa kuipima mara nyingi katika kila sekunde. Fundi alichagua vipimo 8,000 kwa sekunde, na kilobiti 16. Vipimo hivyo haviwezi kubeba mitetemo inayozidi nusu ya hesabu yake, yaani 4,000. Nguvu kubwa ya sauti ya mtu i chini ya hapo, ndiyo sababu maneno ya Kiswahili yalifahamika na hapana aliyeshuku. Lakini mpumuo unaotenga thee na fee na sini, sehemu yake kubwa i juu. Ukikatwa, herufi hizo hufanana. Simu za waya zilikuwa na kasoro iyo hiyo.

Na lililokatwa halirudi. Jirani alitushauri tuyageuze mafaili yale yawe ya kilobiti 320. Hayo ni kuihamisha chai iliyozidi maji katika birika kubwa zaidi.

Alhamdulillahi, mama hakuzitupa kanda. Tumeanza upya kwa vipimo 44,100, bila ya kubana, kwa mkondo mmoja tu, maana kipaza sauti kilikuwa kimoja na mkondo wa pili ungalirudia yale yale. Saa moja yataka megabaiti 318 hivi. Kanda zote, gigabaiti saba na kitu, nazo zaenea katika kadi ya gigabaiti 16. Hiyo ndiyo asili, haiguswi. Kutoka humo twatoa za simu, MP3 ya kilobiti 64, megabaiti 29 kwa saa. Kwa msomaji mmoja masikio yetu hayakuona tofauti. Kaswida zenye dufu hazitaki ubahili huo: zipewe 128 au zaidi.

Kijana wetu alitaka kuifuta honi. Mama alikataa, nasi tuliona ana haki. Umebaki ukanda mmoja ulioshika ukungu, nao hatuutii mashineni mpaka apatikane ajuaye kuusafisha.