Insha Iliyoulizwa Maswali

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi ya umma, Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Nimefundisha insha tangu nilipotoka chuo cha ualimu. Ninalotaka kulishuhudia hapa nimeliona kwa macho yangu: watoto waliokuwa wakiandika wote insha moja walianza kuandika kila mmoja ya kwake.

Nikisema insha moja, sina maana kwamba walinakiliana. Kila mtoto alikaa na daftari lake, akainama, akaandika. Lakini nilipoyakusanya madaftari hayo, jua lilikuwa likichomoza katika yote, ndege wakitumbuiza, mhusika akigutuka usingizini, akijitoma bafuni, akistaftahi na kushika njia. Kabla ya aya ya pili kwisha, ghafla bin vuu, amekutana na majambazi au gari limepinduka. Mwishoni anajikuta hospitalini amezungukwa na jamaa zake. Nilikuwa na watoto sitini na ushei darasani, wana wa wavuvi, wagema, madereva wa tuktuk na akina mama wauza viazi karai, na katika insha zile sikuona samaki wala mnazi wala karai.

Sababu ilikuwa mtihani. KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ulianza 1985 na ukafanywa mara ya mwisho 2023, na insha ya Kiswahili ilikuwa na dakika 40 na alama 40. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anapewa methali aitungie kisa, au mwanzo wa kisa auendeleze, na saa inakwenda. Hana nafasi ya kutafakari, basi anakimbilia kilicho tayari. Ndiyo maana kila mtoto alikuwa na daftari la misamiati: kurasa za tashbihi, za nahau, za methali, na kurasa za mianzo. Madaftari hayo yalirithiwa, dada akimwachia mdogo wake. Baadhi ya maneno yalikuwa yamechumwa na wakubwa wao wa sekondari kutoka katika Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora ya 1996.

Sitaki kuyabeza madaftari yale. Mtoto anayependa mlio wa neno, anayelirudia njiani akienda nyumbani, tayari ana kitu ambacho mwalimu hawezi kukinunua. Walibora mwenyewe alikuwa bingwa wa kupamba lugha. Ila mapambo yake ni ya Kongowea Mswahili, kijana mwenye mama, mwenye machungu yake na mwenye safari ndefu kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba. Watoto wangu walikuwa wamechukua mapambo, Kongowea wakamwacha kitabuni.

Mabadiliko yalianza na mvulana mmoja aliyezoea kuchelewa. Asubuhi moja aliingia suruali ikiwa imelowa hadi magotini.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Nisamehe, mwalimu. Sasa ni bamvua, na babu hawezi kuinua madema peke yake."

Mimi sikukulia ufuoni, nikamwuliza bamvua ina nini. Akanieleza, amesimama pale mlangoni, kwamba siku hizo maji hupwa sana, mwamba ukawa wazi, na madema, yaani mitego ya samaki, yaliyotegwa mbali yakafikika kwa miguu. Akanieleza chambo kinavyopondwa kutokana na mwani na konokono wa mikokoni. Akanieleza samaki aitwaye tafi anavyozunguka dema kabla ya kuingia. Mtoto huyu alikuwa akipata alama za chini kabisa katika insha, na darasa zima lilikuwa limeacha kazi likimsikiliza yeye.

Nikamwambia aketi aandike hayohayo. Aliniletea ukurasa uliokuwa na jua likichomoza, ndege wakitumbuiza, na mstari mmoja tu kuhusu dema.

Kalamu nyekundu haikuwa na la kufanya pale. Sarufi haikuwa mbaya. Kilichokosekana ni kile alichokuwa amenieleza mlangoni, na aliweza kukieleza kwa sababu nilikuwa nimemwuliza. Basi nikamwambia awasomee wenzake watatu wa dawati lake kwa sauti, na nikawapa wale watatu sharti moja: wasimwambie ni nzuri au ni mbaya, wamwulize tu wanachotaka kujua.

"Dema si la fito? Mbona halielei?"

"Samaki kama ameingia, kwa nini asitokee alikoingilia?"

"Na mkikuta halina kitu, babu yako husema nini?"

Alirudi akaandika upya. Mawe mawili bapa yakaingia ndani ya dema kulizamisha. Mlango ukawa mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Na babu akalishika dema tupu, akalitikisa, akasema, "Twende la pili." Jua halikuchomoza mahali popote katika insha ile, maana walikuwa wametoka nyumbani kungali giza. Nilipoisoma mbele ya darasa, wale watatu walikuwa wakinong'ona: hilo swali langu, hilo langu.

Tangu hapo nimefundisha uandishi kwa maswali. Baadaye nilisoma kazi ya Donald Graves, Mmarekani aliyekaa na watoto wa shule ya msingi huko Atkinson, New Hampshire, kati ya 1978 na 1980, akiwatazama wanavyoandika, kisha akatoa kitabu chake 1983. Alisisitiza mtoto achague mwenyewe la kuandika, na mwalimu azungumze naye kwanza juu ya jambo analolieleza, kabla ya kugusa makosa ya tahajia. Nilifurahi kumkuta mtu aliyelifikiria jambo hili kwa undani hivyo, japo madarasa yake hayakuwa na watoto watano kwenye dawati la watatu.

Kwetu idadi ndiyo swali la kwanza ambalo walimu wenzangu huniuliza, na wana haki. Huwezi kukaa na kila mtoto. Kwa hiyo watoto wanakaa wao kwa wao, wanne wanne. Msomaji anasoma kwa sauti, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza wenzake husikia kisa tu, na mara ya pili husikia pengo. Kila mmoja anauliza swali moja. Mwandishi haruhusiwi kujibu kwa mdomo. Anaandika swali pembezoni mwa ukurasa, na jibu lake analitia ndani ya insha. Sharti hili dogo ndilo lililobeba kazi yote. Mtoto akishajibu kwa mdomo huona amemaliza, na ukurasa unabaki vilevile.

Mimi nachukua madaftari machache tu kwa siku, nayasoma hadi mwisho bila kalamu mkononi, kisha chini naandika swali. Zamani niliandika "Ongeza bidii." Mtoto atalifanyia nini neno hilo? Lakini ukimwandikia "Nani mwingine alikuwa jikoni?" anajua papo hapo aanzie wapi.

Sarufi haikuachwa. Imesubiri zamu yake. Watoto wakishaandika mara ya pili, ninachagua aina moja ya kosa kwa wiki. Wiki hii ni upatanisho wa ngeli: kila mtoto anapigia mstari kila nomino aliyotumia, kisha anatazama vitenzi na vivumishi vinavyoifuata. Wiki nyingine ni alama za mtajo, nyingine ni maneno yaliyounganishwa pasipostahili. Mtoto anayewinda kosa la aina moja katika kazi yake mwenyewe hulipata. Ukimrudishia ukurasa uliojaa wino mwekundu, hutazama alama aliyopewa, akafunga daftari.

Palikuwa na jambo lililonipa taabu zaidi, nalo ni lugha ya nyumbani. Baadhi ya watoto wangu husema Kimvita: mato kwa macho, ndia kwa njia, mtele kwa mchele. Wengine Kigiriama ndicho lugha yao ya kwanza. Katika mtihani "ndia" ni kosa, na mtoto lazima ajue hivyo, mimi siwezi kumficha. Lakini nyanya anayeongea Kiswahili cha vitabu katika insha ya mtoto wa hapa kwetu si nyanya wa mtu yeyote. Tuliafikiana hivi: msimulizi huandika Kiswahili sanifu, na wahusika wa kisa huongea wanavyoongea, ndani ya alama za mtajo. Niliwaeleza kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga kwa Kimvita, na tungo zake husomwa hadi vyuo vikuu. Binti mmoja aliuliza kama yeye Muyaka angefeli insha. Nilimjibu kwamba angejifunza kuandika zote mbili, kama tunavyofanya sisi. Bado nadhani ni jibu la haki.

Si kila mtoto aliyefunguka. Wako waliong'ang'ania daftari la misamiati hadi wakamaliza shule, na wengine kati yao walipata alama nzuri. Yuko msichana aliyekuwa akiandika mistari miwili, akaweka kalamu chini. Maswali ya wenzake yalimtia haya zaidi. Kwake yeye ilibidi tuanze na mdomo: akae na rafiki yake mmoja nje chini ya mwarobaini, asimulie, rafiki aandike anavyosikia neno kwa neno. Alisimulia jinsi yeye na mama yake wanavyokaanga viazi karai jioni kando ya barabara: ukwaju unavyolowekwa, unga unavyokorogwa hadi ushike kiazi, na mteja mmoja ambaye kila siku hula kimoja kabla ya kulipa, kisha akalipia vilivyobaki tu. Alipoona maneno yake mwenyewe yamejaza ukurasa kwa mwandiko wa mwenzake, alitaka kuyanakili kwa mkono wake, na alipokuwa akinakili akaanza kusahihisha: "Hapa sikusema hivi." Akaongeza. Alisahihisha bila kuombwa na mtu. Nilisimama dirishani nikimtazama, na nasema kweli, kama kuna siku iliyonithibitishia kazi hii ni ile.

Wazazi walikuja na wasiwasi, hasa wa darasa la nane. Mtoto aliyezoea kuandika mara tatu atafanyaje katika dakika 40? Niliwajibu nilichokuwa nimekiona. Mtoto aliyeulizwa maswali mwaka mzima huanza kujiuliza mwenyewe akiwa peke yake, na mtihani anaufanya akiwa na maswali hayo kichwani. Wengi alama zao zilipanda. Wachache hazikupanda.

Sasa KCPE haupo. Watoto wa Gredi ya 6 hufanya mtihani wa KPSEA, ulioanza 2022, na humo kazi yao ni kuchagua jibu kati ya majibu waliyopewa. Mtaala mpya una uandishi ndani yake, lakini kila mwalimu anajua jambo lisiloulizwa siku ya mtihani wa mwisho linavyosukumwa pembeni ratiba inapobana. Hilo linanihuzunisha, tena nalisema wazi kwenye mikutano ya walimu: mtoto anaweza kufika sekondari ya chini hajawahi kuandika ukurasa wake akaurudia. Upande wa pili, zile dakika 40 hazituandami tena. Tunaweza kuandika jambo moja kwa wiki tatu. Kwa nini tusiandike?

Ndivyo tulivyofanya muhula uliopita, kwa njia niliyoitoa mbali. Milimani karibu na Florence, Italia, kwenye kijiji cha Barbiana, padri Lorenzo Milani alifundisha watoto wa wakulima walioangushwa na shule za kawaida. Vijana wanane wa huko waliandika pamoja barua ndefu kwa mwalimu aliyewafelisha, ikachapishwa kuwa kitabu Mei 1967, wiki chache kabla ya padri huyo kufariki. Humo wanaeleza walivyoandika: kila wazo kwenye kipande chake cha karatasi, vipande vyote mezani, yanayojirudia yatupwe, yanayohusiana yakusanywe fungu moja, kisha mafungu yapangwe. Baadaye huita watu wa nje, hasa wasio na masomo mengi, wasome kwa sauti, na wao hutazama kama wameelewa.

Darasa langu la Gredi ya 6 lilikuwa na jambo la kuandikia: bodaboda zinazopita mbio mbele ya lango la shule. Vipande vilijaa sakafu nzima. Walibishana asubuhi nzima kama kisa cha mtoto aliyegongwa mkono kiwe mwanzo au katikati, na nusu ya vipande vikaishia pipani kwa sababu vilikuwa matusi kwa madereva. Barua ikapelekwa kwa mwenyekiti wa waendesha bodaboda, stejini. Alikuja shuleni nayo mkononi, akawaamkua vizuri, akasema, "Nimeisoma. Lakini hamjaniambia ni saa ngapi, na ni lango lipi. Yako mawili. Nikawaambie nini vijana wangu?"

Watoto walitazamana. Yule wa nyuma akatoa kalamu, akaandika maswali hayo mawili pembezoni mwa nakala yao.

Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Ilikuwa na lango la upande wa msikiti, saa moja kasorobo hadi saa moja na nusu asubuhi, saa tisa na nusu hadi saa kumi na nusu jioni, na ombi moja. Mwenyekiti aliwasomea madereva wake wote stejini. Wengi sasa hupunguza mwendo. Walio wakaidi ndio waliolifanya darasa liamue kuandikia ofisi ya barabara ya kaunti kuomba matuta. Wamefika aya ya kwanza, na hadi Ijumaa walikuwa hawajakubaliana kama mtoto yule aliyegongwa atajwe au afisa apewe kwanza vipimo vya barabara.