Gurudumu la Ruleti na Hesabu Yake

Kamari si jambo geni katika mwambao wetu. Tangu zamani watu wamecheza karata za pesa chini ya miembe, na dadu zikarushwa vibarazani. Wazee wakawakemea wachezaji, na wachezaji wakahama kibaraza kimoja wakaenda kukaa kingine. Lililo geni ni kwamba kamari ya siku hizi haijifichi. Ina leseni, ina taa, ina matangazo ya redio, tena imeingia hata ndani ya simu ambayo kijana huishika mkononi huku mama yake akidhani kwamba anasoma. Kwa sababu hiyo twaona imetupasa kuieleza wazi mbele ya watu wa nyumbani, wala tusiitaje kwa mafumbo tu. Maana ni vigumu kuulinda mlango na mtu usiyemjua sura.

Tena tuliombwa. Yuko mama mmoja wa Bagamoyo ambaye hukaanga samaki na kuwauza karibu na soko la ufukweni. Mwanawe wa kiume, kijana mwenye adabu na bidii ya kazi, aliuchukua mtaji wake wa siku tatu akaenda kuuchezea. Mama alipomwambia kuwa kamari ni haramu, kijana hakukana. Alijibu kwa upole, "Mama, haramu naijua, lakini wewe hesabu yake huijui. Mwenye akili hushinda." Basi mama yule akatujia, akatuambia, "Haramu nimemwambia, hakusikia. Nielezeni na hiyo hesabu, nijue nashindana na kitu gani." Tuliliona ombi lake kuwa la haki, na haya yafuatayo ndiyo tuliyomweleza.

Katika kamari zote tulichagua ile iitwayo ruleti, kwa kuwa ndiyo ambayo hesabu yake imewekwa mezani, kila mwenye macho aione. Jina hilo ni la Kifaransa, na maana yake ni gurudumu dogo. Mchezo huo ulikwisha kuchezwa mjini Paris kabla ya mwaka 1800. Mwaka 1843 ndugu wawili wa Kifaransa, François na Louis Blanc, waliupeleka katika mji wa Homburg huko Ujerumani, na mwaka 1863 François akaishika kasino ya Monte Carlo, ambako mchezo ulipata sifa duniani kote. Leo huchezwa katika kasino za Dar es Salaam, ambazo hupewa leseni kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003.

Namna yake ni hii. Pana meza ndefu iliyotandikwa kitambaa chenye namba, na mwisho wa meza pana gurudumu lililolazwa. Ukingoni mwa gurudumu mna vijumba 37: vijumba 36 vina namba 1 hata 36, nusu vyekundu na nusu vyeusi, na kimoja ni cha kijani, chenye sifuri. Mchezaji hubadili fedha zake akapewa vidonge bapa viitwavyo chipu, akaviweka juu ya namba aipendayo, au juu ya rangi, au juu ya shufwa au witiri. Mchezeshaji hulizungusha gurudumu upande mmoja, na kigololi kidogo hukitupa upande wa pili. Kasi ikipungua, hutangaza kwamba hapana ruhusa ya kuweka tena. Kigololi huruka huku na huku, kikatulia katika kijumba kimoja, na hukumu imekwisha.

Malipo nayo yajulikana. Aliyeweka shilingi 1,000 juu ya namba moja, ikatokea, hulipwa 35,000 na kurudishiwa 1,000 yake. Aliyeweka juu ya rangi, ikatokea, hulipwa 1,000 na kurudishiwa yake. Mtu akiyasikia haya huona kuwa ni malipo makubwa, na kwa kweli huo ndio mtego wenyewe.

Tulimwambia mama: tujaalie una fedha nyingi, ukaweka shilingi 1,000 juu ya kila kijumba, vyote 37, usiache hata kimoja. Umetoa 37,000. Bila shaka yoyote utashinda, kwa kuwa kigololi hakina pengine pa kuangukia. Watakulipa 35,000, watakurudishia na 1,000 ya namba iliyotokea, jumla 36,000. Umeshinda, na shilingi 1,000 haipo! Imekwenda wapi? Imekwenda kwa mwenye kasino. Lau malipo yangekuwa 36 kwa moja, mchezo ungekuwa sawa kwa sawa. Namba ni 37, na malipo yamehesabiwa kana kwamba ni 36. Katika rangi pia ni vivyo hivyo. Nyekundu ni 18, nyeusi ni 18, na kijani ni moja. Kigololi kikiangukia sifuri, wenye nyekundu na wenye nyeusi hukosa wote kwa pamoja. Na katika magurudumu ya Kimarekani mna sifuri mbili, kwa hiyo vijumba ni 38 na malipo ni yale yale.

Mtu aweza kusema kwamba fungu moja katika mafungu 37 ni kitu kidogo. Ni kidogo kama angecheza mara moja akaenda zake. Lakini fungu hilo halikatwi katika mfuko alioingia nao. Hukatwa katika kila anachokiweka. Mtu mwenye shilingi 10,000 akiweka 1,000 kila mara, na gurudumu likazungushwa mara 40 kwa saa, basi katika saa 5 amekwisha weka jumla ya shilingi 200,000, maana kile anachokipata hukirudisha mezani. Fungu moja katika 37 la fedha hiyo ni zaidi ya shilingi 5,400, yaani zaidi ya nusu ya alichotoka nacho nyumbani. Wako watakaotoka na zaidi, na wako watakaotoka mikono mitupu mapema zaidi. Huo ndio wastani wao.

Kijana naye aliitwa, akaketi, akasikiliza. Akasema kwamba yeye hachezi ovyo, bali hutazama kilichotokea nyuma. Nyeusi ikifuatana mara nyingi, huweka nyekundu, kwa kuwa zamu yake imefika. Tulimweleza habari ya Monte Carlo ya tarehe 18 Agosti 1913, ambapo nyeusi ilitokea mara 26 mfululizo. Watu walijazana pale mezani wakaweka fedha juu ya nyekundu, kila mmoja akiamini kwamba sasa haina budi kutokea, na mali nyingi ikapotea. Kigololi hakina kumbukumbu. Hakijui kilianguka wapi jana, wala hakimwonei huruma aliyekosa mara 10.

Akasema tena kwamba iko hila ya kurudufu: akikosa 1,000 huweka 2,000, akikosa huweka 4,000, na kuendelea, hata siku atakapopata arudishe yote na 1,000 juu yake. Tulichukua kalamu. Mwenye kukosa mara 7 mfululizo amekwisha toa 127,000, na mara ya 8 atadaiwa 128,000 nyingine, zote hizo kwa kutafuta faida ya 1,000. Kukosa mara 7 mfululizo katika rangi hutokea takriban mara moja katika kila majaribio 106. Basi mara 105 atachuma 1,000 moja moja, jumla 105,000. Na hiyo mara moja itamla 127,000. Hila haikuiondoa sifuri. Imeichelewesha tu, kisha ikaileta kwa kishindo.

Ni kweli kwamba wako waliowahi kuishinda kasino. Katika karne ya 19 Mwingereza Joseph Jagger alichuma mali nyingi Monte Carlo. Yeye lakini hakushinda kwa bahati. Aligundua kuwa gurudumu moja lilikuwa na kasoro, na namba fulani zikitokea kupita kiasi. Wenye kasino walipoitambua siri hiyo, waliiondoa. Gurudumu zima halina siri, na hirizi haligusi.

Hayo ni ya ruleti. Kijana wetu lakini hakucheza katika kasino ya mjini. Alicheza katika mashine ya sarafu iliyowekwa dukani, ile ambayo vijana huiita dubwi, na baadaye katika simu. Hapo jambo ni zito zaidi. Katika gurudumu la mbao sifuri yaonekana kwa macho, na mwenye kalamu aweza kuihesabu. Katika mashine na katika simu gurudumu ni picha tu, na linaloamua ni programu iliyotungwa. Fungu la mwenye mashine halikuandikwa juu ya kitambaa, wala mchezaji hawezi kulihesabu kwa kutazama. Aliyeshindwa na sifuri aionayo, ataiwezaje asiyoiona?

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo twakiri lilikuwa na uzito. "Mzee wangu, hata bahari ni kamari. Mvuvi hutoka alfajiri, amekopa mafuta, hajui atarudi na nini. Mbona yeye hamumkemei?"

Tulimjibu kwamba riziki zote zina hatari ndani yake, na hatari si kosa. Mkulima hupanda, na mvua yaweza kukatika. Mfanyabiashara hununua, na bei yaweza kuanguka. Lakini bahari haina kijumba cha kijani. Mvuvi akirudi mtupu, hakuna mtu aliyeketi ufukweni akapanga arudi mtupu ili yeye ashibe. Tena mvuvi hujifunza: huyajua maji ya bamvua na maji mafu, huzijua kaskazi na kusi, huijua miamba na mahali samaki walalapo, na baada ya miaka 20 elimu yake humwongezea mavuno. Mcheza ruleti wa miaka 20 hana alichomzidi aliyeanza leo asubuhi. Na jambo la tatu, mvuvi akipata, wengi wamepata: mchuuzi, mama mkaanga samaki, na mtoto aliyekula. Katika kamari haiingii shilingi mfukoni mwa mmoja illa imetoka mfukoni mwa mwingine, na hakuna samaki hata mmoja aliyeongezeka sokoni.

Bagamoyo yenyewe ina mfano wake. Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa hapa kutoka nchi ya Manyema akiwa mtumwa. Alianza na biashara ndogo, akapata mashamba ya minazi, akatafuta elimu ya dini, hata akawa khalifa mkubwa wa tarika ya Kadiria katika pwani hii. Alifariki mwaka 1931. Kama palikuwa na mtu mwenye udhuru wa kuutafuta utajiri kwa mkato, basi ni mtu aliyeanza bila ya kuwa hata na nafsi yake.

Wako wasemao kwamba kamari hulipa kodi, na kwamba imewaajiri watu. Hatuyakani hayo. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na kamari yao, maisir: walichinja ngamia, wakamgawa mafungu, wakachomoa mishale, mishale 7 ilikuwa na mafungu na 3 ilikuwa mitupu, na waliotokewa na mitupu ndio waliolipa bei ya ngamia. Wafasiri wameeleza kwamba washindi waliwapa maskini nyama ile. Kurani katika Suratul Baqara, aya ya 219, haikukana kuwa kamari ina manufaa; ilipima, ikaliona dhara lake kuwa zito zaidi. Na katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ikakatazwa, na yakatajwa mambo yanayotokana nayo: uadui, chuki, na kusahauliwa kwa Mola na sala. Ikiwa kamari iliyowalisha maskini ilikatazwa, itakuwaje hii inayochukua mtaji wa mkaanga samaki?

Enyi watu wa nyumbani, twawausia mambo machache. Fedha ya mtaji isikae pamoja na fedha ya matumizi, wala isikae katika simu ambayo kila mtu aijua namba yake ya siri. Sheria imekataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza. Mkiona mtoto mbele ya mashine, msipite kimya, pelekeni habari kwa serikali ya mtaa. Na yule aliyekwisha kuingia asitukanwe mbele ya majirani, kwani mtu mwenye aibu huficha deni lake, na deni lililofichwa humrudisha mezani kutafuta la kulilipia. Afunguliwe mlango aseme amepoteza kiasi gani, deni liandikwe, lipangiwe namna ya kulipwa kidogo kidogo kwa kazi. Fedha iliyokwenda imekwenda. Mwenye kuifuata huipelekea nyingine.

Nanyi akina baba, msiwakanye vijana kamari ya mashine ilhali jioni mwaketi mkibashiri mipira kwa pesa. Mtoto hufuata alionalo kuliko alisikialo.

Twamwomba Mola azijaalie nyumba zetu riziki ya halali, ijapokuwa ndogo, na azitie baraka. Na awape vijana wetu subira ya mvuvi, ambaye hurudi mtupu leo, na kesho alfajiri akalishusha tena dau lake majini. Amin.