Maji ya lambo, na mtoto asiyejua juu ni wapi

Ukitoka Lamadi, wilayani Busega, ukaliacha Ziwa Victoria mgongoni na kufuata barabara ya lami kwenda Bariadi, nchi inabadilika haraka. Ziwa linapotea, yanakuja mashamba ya pamba, makundi ya ng'ombe na mbuga za udongo mweusi. Huku ndani ya Mkoa wa Simiyu, maji ya wengi ni lambo, linalokusanya mvua nyuma ya tuta la udongo. Ng'ombe wanakunywa humo, na jua likiwaka, watoto wanaochunga huogelea humo.

Mchezo wanaoupenda ni kuzamia kichwa chini, kushika tope na kuibuka nalo mkononi kama ushahidi. Anayekaa chini muda mrefu ndiye bingwa.

Tatizo ni kwamba maji ya lambo yana rangi ya chai ya maziwa. Binadamu hujua juu na chini kwa kutumia macho, sehemu ya ndani ya sikio, na misuli inayohisi uzito wa mwili. Kwenye tope macho hayaoni. Maji nayo huubeba mwili, uzito hausikiki vizuri. Linabaki sikio, na maji ya baridi yakiingia ghafla upande mmoja, huleta kizunguzungu. Mtoto aliyejigeuza anaweza kupiga mbizi kuelekea pembeni au chini akidhani anapanda.

Wazamiaji wa pumzi moja, wanaoshuka baharini bila mtungi wa hewa, wanalijua hili. Hushusha kamba yenye uzito, ikaning'inia wima, wakaifuata. Macho huangalia kamba iliyo mbele ya uso, si chini wanakokwenda, kwa sababu shingo ikikunjwa kutazama chini, mgongo nao hupinda na mwili huacha mstari. Tena hawazami peke yao. Mwenzao husubiri juu. Hao ni watu wazima waliofundishwa. Mtoto wa lambo hana kamba wala mwalimu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mzazi, kumkataza tu hakutoshi, maana ng'ombe lazima wanywe. Mfundishe haya:

Asiingie kichwa kwanza kwenye maji asiyoyaona chini. Aingie kwa miguu, taratibu, asipite kifuani.

Akipotea ndani ya maji, aache kurusha mikono na abane pumzi. Kifua chenye hewa huelea. Akitoa mapovu kidogo, ayasikilize usoni: yanakokwenda ndiko juu.

Asivute pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama ili akae chini zaidi. Hamu ya kupumua huchelewa, na anaweza kuzimia majini bila dalili.

Mmoja abaki ukingoni na kamba iliyofungwa kwenye dumu tupu lenye kifuniko. Mwenzake akizidiwa, amrushie dumu na kupiga kelele za msaada, asijitose.

Jioni ng'ombe wakirudi zizini huhesabiwa mmoja mmoja. Watoto nao waulizwe: leo mlioga wapi, na nani alibaki ukingoni?