Kelele za Jirani

Mathe akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani huku Austin, hujibu, "Ni fundi wa kompyuta." Nimeacha kubishana. Mimi huchora saketi za chipu ambamo analogi na dijitali hukaa kwenye kipande kimoja cha silikoni. Ni kama ploti moja ya Umoja: chini kuna mtoto anajaribu kulala, juu kuna jirani anayetwanga njugu usiku kucha. Analogi ndiyo mtoto. Dijitali ndiyo jirani, na mchi wake hupiga mara milioni nyingi kwa sekunde.

Mwaka jana nilisimamia kigeuzi cha biti 12. Kazi yake ni kuikata volti moja vipande 4,096, kila kimoja kama robo ya milivolti. Mwenzetu mmoja, ndio tu ametoka chuo, akaniuliza, "Huu mstari wa saa ya dijitali haujakaribia sana ule wa rejea?" Zilikuwa zimebaki siku nne mchoro uende kiwandani. Nikaangalia haraka haraka. Nikamwambia iko sawa tu. Nikatia sahihi.

Chipu si programu, ati utatuma marekebisho kesho. Ukishatuma, unangoja miezi. Zetu ziliporudi, nikaweka moja kwenye bodi, dijitali ikiwa imezimwa. Safi kabisa. Nikaiwasha. Biti za chini zikaanza kucheza ovyo, tukabaki na 9 za maana. Vipande 512. Kila mpigo wa saa ulikuwa unaitikisa rejea, na rejea ndiyo rula. Rula ikitetemeka, kila kipimo ni uongo. Tumbo likanishika.

Kwenye mkutano bosi akauliza, "Nani alichora sehemu hii?" Jina lililokuwa kwenye faili ni la yule mwenzetu. Akanitazama, kisha akatazama meza. Nakuambia ukweli, kuna sekunde mbili sikusema neno. Nilifikiria viza, kodi ya nyumba, pesa za mathe za kila mwezi.

Halafu nikasema, "Yeye aliuliza. Mimi ndiye nilisema iko sawa."

Sikufutwa. Tulibadilisha safu chache za chuma, tukaitenga ile mistari, tukangoja tena. Lakini siku hizi yule mwenzetu akiwa na swali, huliandika kwenye barua pepe, na bosi naye hupata nakala. Siwezi kumlaumu.

Jumapili mathe akapiga simu. Kazi inaendaje?

"Poa. Tumepunguza kelele."

"Kumbe kompyuta nazo hupiga kelele?"