Mwaka jana niliugua kila kitu

Wasee, mwaka jana nimeugua kila kitu. Pumu, sukari, kifua, hadi ujauzito, na mimi ni mwanaume. Yote nikiwa kwa kitanda changu hapa Umoja, saa nne usiku, simu imeegemea kikombe cha chai. Upande ule mwingine wa simu alikuwa binamu yangu, daktari ambaye huko Uingereza hakuwa anaruhusiwa kutibu mtu.

Alisomea udaktari hapa Kenya miaka sita, akaongeza mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Mumewe, ambaye ni nesi, akapata kazi Leeds, wakahamia huko. Digrii peke yake haikutosha. Kwanza Kiingereza: IELTS alama 7.5. Halafu mtihani unaoitwa PLAB. Sehemu ya kwanza ni maswali 180 kwa saa tatu. Hiyo alipita, akisoma baada ya shifti za usiku kwa nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha. Ni kazi ya heshima, lakini si ile aliyosomea.

Sehemu ya pili ndiyo ilimwangusha. Unaenda Manchester, vituo 16, kila kimoja dakika 8, na wagonjwa wengi ni waigizaji. Ada ni karibu pauni 1,000 kila ukijaribu. Na ukishapita ya kwanza, una miaka miwili tu ya kupita ya pili.

Alipofeli, familia ikaanza: "Kwani si huyu alikuwa anaongoza darasa?" Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hiyo sauti naijua. Nikampigia simu. Hakutaka pole. Aliniuliza tu, "Una dakika nane?"

Hivyo ndivyo nikawa mgonjwa. Na nikagundua kitu: ugonjwa alikuwa anaujua, dawa anazijua. Lakini alikuwa ananitibu kama mtu aliye na foleni ya watu sitini nje. Meza hii mara tatu, rudi wiki ijayo, anayefuata! Kule wanapima pia vile unaongea na mtu. Umemuuliza anaogopa nini? Umemwachia nafasi ya kuchagua? Hiyo husomi kwa kitabu peke yako. Unahitaji mtu mbele yako wa kukuambia, "Daktari, hujanisikiza."

Madaktari waliokimbia vita wana mahali kama REACHE, kule Salford karibu na Manchester, wanafundishwa Kiingereza cha hospitali na kuandaliwa kwa mitihani. Binamu yangu si mkimbizi. Yeye alikuwa na mimi na bando zangu za usiku.

Usiku mmoja niliigiza kijana asiyelala. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Ni nini hasa kinakuogopesha?" Nikasahau tunaigiza. Nikamwambia naogopa kwa sababu mathe bado anaambia majirani niko chuo. Kengele ya dakika 8 ikalia, na hakuna aliyekata simu. Hakunipa ushauri. Aliniuliza tu, "Kuna mtu mwingine anajua?" Hakukuwa na mwingine.

Jaribio la pili alipita. Si kwamba mambo yameisha, bado anatafuta nafasi hospitalini. Mimi pia bado sijaongea na mathe vile inafaa, lakini nimeanza.

Sisi tukiona daktari wetu anaosha wazee ng'ambo, tunacheka au tunahurumia. Wachana na hizo zote mbili. Kama una mtu wako huko anapambana na hizi karatasi, usimuulize "ulipita?" Muulize anahitaji mgonjwa saa ngapi. Huhitaji digrii kuwa mgonjwa. Mimi ni ushahidi.