Gari la Mizigo Lililombeba Mama

Mgongo wa mama haukustahimili tena safari ya basi, na dada yake wa pekee alikuwa mgonjwa Ujiji. Nikaligeuza gari letu la mizigo, Hiace kuukuu, kuwa chumba. Fundi alikata madirisha mawili, kwani bati tupu huwaka kama tanuri. Akabandika sponji na mbao nyepesi, akafunga kiti chenye mkanda, na kitanda juu ya kasha la nguo. Niliongeza pazia la sitara na dumu la lita 20 la udhu.

Kila baada ya saa mbili tulisimama, mama akajinyoosha kitandani. Siku ya tatu tangu tutoke Dar es Salaam, ndugu wawili walikumbatiana. Siku tisa baadaye, mama mkubwa alirejea kwa Mola wake. Alhamdulillahi, hatukuchelewa.